Rangi ya viungo vya bunduki ya peintiboli (mchezo wa kulengana vidonge vya rangi kwa bunduki ya hewa): anodaizi au pauda?

Anodaizi, kaka, yaani kuotesha tabaka la oksidi kwenye alumini kwa umeme ndani ya asidi na kulitia rangi, mradi hivyo viungo vyako vya hewa ni vya alumini. Jaribu sumaku kwanza: ikinata ni chuma, na chuma hakikubali anodaizi. Isiponata, kwaruza mahali pa kujificha. Ukiona unjano ni shaba, hiyo nayo haifai. Alumini ni nyeupe na nyepesi mkononi.

Inadumu kwa sababu rangi inanywewa na vitundu vya oksidi iliyoota kwenye alumini yenyewe, kisha vinazibwa kwa maji moto. Hakuna ganda la kubanduka. Tena tabaka ni jembamba, kama mikroni 5 hadi 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo meno ya kukazia kiungo bado yanaingia. Pauda, yaani rangi ya unga inayopulizwa kisha kuokwa, ile inayopigwa kwenye mageti na fremu za pikipiki, huwa mikroni 60 na zaidi. Niliwahi kupeleka kiungo kimoja kwa fundi wa Kariobangi, Nairobi, kikapakwa hadi kwenye meno. Jioni nzima nilikuwa nachokoa pauda kwa ncha ya kisu, na bado kikavujisha hewa. Ukilazimika kutumia pauda, meno yazibwe kwanza.

Toa oringi (pete za mpira za kuzuia hewa isivuje) na skrubu zote za chuma kabla ya kupeleka, maana asidi ya kwenye beseni itazila. Na kama unachezea juani, chagua nyeusi. Nyekundu na zambarau hupauka mapema. Vya chuma? Piga nikeli, usahau rangi.