Kabla hujakodi shamba la mtoni, uliza liko upande gani wa kona

Agosti ikiingia tu, simu yangu haitulii. Huyu kapata shamba bonde la mto Luiche hapa Kigoma, yule kaonyeshwa eneo kule Ilagala kwenye mto Malagarasi, na wote wanataka kujua kama bei ni sawa. Mimi nalima mpunga Luiche, jirani na Ujiji, na jibu langu ni moja: bei tutaongea baadaye, kwanza niambie shamba liko upande gani wa kona ya mto.

Mto ukikata kona, maji ya kasi hugonga ukingo wa nje, na huko ndiko unakokula ardhi. Upande wa ndani maji hutulia, hushindwa kubeba mchanga, yanauacha hapo. Basi shamba la nje linapungua kila masika, na la ndani linaongezeka. Ukipelekwa la nje, usiishie barabarani kusikiliza maneno ya dalali, nenda mpaka ukingoni. Huenda ukakuta mchikichi umeinama, nusu ya mizizi inaning'inia hewani, na chini yake udongo mbichi uliomeguka juzi. Hakuna aliyepanda mchikichi ukiwa unaning'inia. Muulize mwenyeji ulipandwa enzi zipi na mto ulikuwa wapi wakati huo, utajua mto unatembea kwa kasi gani.

Ukiwa hapo hapo, tazama ule ukingo uliokatika. Utaona mistari: mchanga mweupe, tope jeusi, mchanga tena. Ni mafuriko hayo, moja juu ya jingine. Tope likiwa nene, furahi, ndiyo mbolea ya bure inayotupa mpunga. Lakini tabaka nene la mchanga juu ya udongo mzuri maana yake mto uliwahi kupasua hapo na kuyazika mashamba. Inua macho pia. Majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi vinakuonyesha maji yalifika kimo gani.

Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba ardhi iliyo karibu kabisa na mto mara nyingi iko juu kuliko ya nyuma yake. Maji yakifurika, mchanga ambao ni mzito unatua pale pale ukingoni, na tope laini linasafiri hadi bondeni kwa nyuma. Kwa hiyo ukingoni panafaa mahindi, maharage na bustani ya kiangazi, nyuma ndiko kwenye mpunga. Nimeona watu wakilipa bei ya mpunga kwa mchanga mtupu, jaruba (kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili kishike maji) linajazwa asubuhi, jioni limekauka. Chota udongo, uloanishe, uviringishe mikononi mpaka uwe uzi. Ukiupinda bila kukatika, jaruba litashika maji.

Halafu usidhani mito yote ina tabia moja. Luiche ni mfupi na unashuka kutoka milimani, ikinyesha usiku unaamka maji yameshapanda, na yanashuka upesi vilevile. Malagarasi ni habari nyingine. Unaanzia nyanda za juu mpakani na Burundi, unapokea Moyowosi, na Ugalla unaoleta maji kutoka upande wa Tabora. Kabla ya kufika Uvinza unapita kwenye ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi, hekta zaidi ya milioni 3, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mafunjo kule yanayapunguza maji kasi na kuyachuja. Ndiyo maana Ilagala mvua inaweza kuwa imeshakoma na maji bado yanapanda, tena yakikaa, yamekaa. Ukilima Ilagala usiangalie mawingu ya Ilagala, pigia simu watu wa Uvinza.

Na ndugu zangu wa Tabora, Ugalla wa Machi si ule wa Septemba. Kiangazi unakatika, yanabaki madimbwi yenye viboko na mamba. Usipange bustani ya pampu kwa kuangalia mto wa masika.

Ukikaribia mdomo wa mto, kuna mwenye nyumba wa pili: ziwa. Tangu 2020 tumeona Tanganyika likipanda na kufunika nyumba na mashamba ya mwambao. Ziwa likiwa juu, maji ya mto hayatoki vizuri, yanarudi nyuma kujaza mashamba hata kama mvua ilikuwa ya kawaida. Mashamba ya karibu na ziwa mimi sikodi zaidi ya msimu mmoja.

Kuna na ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi wanaona imekuja kuwaonea. Mimi naitetea, maana matete yakifyekwa ili mtu apande nyanya, anayepoteza jaruba ni jirani yake wa chini. Wachoma matofali ndio wananikera zaidi: wakichimba shimo ukingoni, masika inayofuata mto unapita hapo hapo. Na kama utatumia pampu, anza na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iko hapa Kigoma, uulize kibali.

Ukishafika kwenye makubaliano, andikeni mbele ya mtendaji wa kijiji mto ukimega sehemu ya shamba katikati ya msimu hasara ni ya nani. Pia mchanga mpya ukiongezeka upande wa ndani, ni wa nani: wako, wa mwenye shamba, au wa kijiji. Ugomvi mwingi wa Luiche ninaoujua ulianzia kwenye hiyo ardhi mpya. Na malipo gawanyeni mara mbili, nusu kabla ya kupanda, nusu baada ya kuvuna. Mwenye shamba akikataa kabisa, muulize masika iliyopita maji yalifika wapi.