Maswali ya Wasomaji: Kutafuta Masalia ya Kale kwa Mashine ya Metali

SWALI: Ndugu Mhariri, mashine yangu ya kutafuta metali hufanya kazi vizuri bara, katika mashamba ya zamani ambayo wenyewe wamenipa ruhusa. Nikiipeleka ufukweni huanza kulia ovyo mara ninapokaribia maji, na nikichimba sipati kitu. Je, imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, inachokisikia ni chumvi. Koili ya mashine, yaani duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi, hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na uga huo ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, mikondo midogo huanza kuzunguka ndani ya kitu hicho na kutoa uga wake, ambao ndio koili huupokea na kuugeuza kuwa mlio. Kwa kuwa maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, mchanga uliolowa huijibu mashine kana kwamba ufuko wote ni bamba moja la metali. Penye mchanga mweusi hali huwa mbaya zaidi, kwani weusi ule mara nyingi ni chembe za magnetiti, ambayo ni aina ya oksidi ya chuma, na ukiisawazisha mashine ili isizisikie chembe hizo, chumvi hubaki ikilia.

Zipo mashine zinazotuma masafa kadhaa, yaani kasi tofauti za kubadilika kwa uga huo, kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu yake, nazo huivumilia chumvi vizuri. Zipo pia mashine za mapigo, ambazo hutuma mshtuko mfupi wa umeme, husubiri kidogo, kisha husikiliza. Jibu la chumvi hufifia upesi kuliko la sarafu, hivyo sarafu husikika peke yake. Udhaifu wa mashine nyingi za mapigo ni kwamba haziwezi kutofautisha vizuri msumari na fedha, kwa hiyo anayezitumia hana budi kuchimba kila kitu.

Kabla ya kufikiria mashine nyingine, punguza usikivu wa hiyo uliyo nayo, isawazishe ukiwa juu ya mchanga ule ule unaotaka kuutafuta, kisha tembea sambamba na ukingo wa maji badala ya kupanda na kushuka, ili unyevu ulio chini ya koili usibadilike kila hatua. Wakati pia una uzito wake. Vitu vizito huzama katika mchanga laini hadi vikute tabaka gumu la udongo au kokoto, na hukaa huko mpaka dhoruba iukokote mchanga wa juu. Ndiyo sababu wazoefu hufika ufukweni baada ya tufani, hasa maji yanapokupwa sana siku za bamvua. Katika pwani ya Florida, sarafu za meli za Hispania zilizozamishwa na tufani mwaka 1715 bado hutupwa ufukweni baada ya bahari kuchafuka.

SWALI: Katika kiwanja kimoja cha kale huku bara nasikia misumari mitupu. Je, nizime milio ya chuma ili nitafute sarafu tu?

JIBU: Ningekushauri usiizime, ijapokuwa najua masikio huchoka. Kwanza, ukiikataza mashine kusikia chuma, sarafu iliyolala jirani na msumari inaweza kupita kimya. Pili, na hili kwangu ni kubwa zaidi, misumari ndiyo inayokuonyesha nyumba ilipokuwa. Iandike kwenye mchoro wa kiwanja, kila mmoja mahali pake, na baada ya muda utaona inasongamana palipokuwa na jengo na kupungua palipokuwa uwanja.

Mfano mzuri ni uwanja wa mapigano wa Little Bighorn huko Montana, Marekani, ambako jeshi la nchi hiyo lilishindwa na wenyeji wa asili, yaani Walakota, Wacheyenne na wenzao, mwezi Juni 1876. Moto ulipounguza nyasi za eneo hilo mwaka 1983, wanaakiolojia walipata nafasi ya kulipima mwaka uliofuata, wakisaidiwa na watu wenye mashine za metali waliopita kwa mistari na kuweka alama kila palipolia. Kila bunduki huacha alama yake kwenye ganda la risasi pale pini inapolipiga, hivyo maganda ya bunduki moja yaliweza kufuatwa kutoka sehemu hadi sehemu na kuonyesha namna wapiganaji walivyosogea. Maganda hayo hayo yangekusanywa katika mfuko mmoja bila kuandikwa yalikotoka, yasingesema lolote.

Tahadhari moja kuhusu viwanja vya vita vya karne ya 20: kombora lililozikwa bado linaweza kulipuka. Ukiona umbo lake, usiliguse. Ondoka na uwaarifu polisi.

SWALI: Nikipata mlio mkubwa, na sarafu kadhaa zikaanza kutoka pamoja, niendelee kuchimba?

JIBU: Hapana. Acha palepale, funika shimo, na upige simu. Novemba 1992, huko Hoxne nchini Uingereza, mtu aliyekuwa akitafuta nyundo ya mkulima iliyopotea alikuta fedha na dhahabu za Kirumi. Alichimba kiasi, kisha akaacha na kutoa taarifa. Wanaakiolojia waliofika waliikuta sehemu kubwa ya hazina ikiwa bado imepangwa ardhini, wakaweza kutambua kwamba sarafu zile, karibu 15,000, zilikuwa zimewekwa katika sanduku la mbao pamoja na vijiko na mapambo. Mbao ilikuwa imeoza. Mpangilio wa vitu na vipande vichache vilivyosalia ndivyo vilivyotoa ushahidi. Nyundo nayo ilipatikana.

Kuhusu nani wa kupigiwa simu, sheria hutofautiana sana, na inakupasa kuijua ya mahali ulipo kabla ya kuwasha mashine. England na Wales hutoa siku 14 za kuripoti hazina. Denmark huzihesabu malikale kama hizo kuwa mali ya taifa na humlipa aliyezipata. Ireland na Ufaransa hukataza hata kuzitafuta kwa mashine bila kibali. Mabaki ya meli yana kanuni zake: mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda masalia yaliyokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100, kwa nchi zilizouridhia.

SWALI: Je, ndimu inafaa kusafishia sarafu ya kale?

JIBU: Haifai, wala siki. Asidi hula ngozi ya kijani iliyoifunika shaba, na mara nyingi maandishi yamebaki katika ngozi hiyo tu. Suuza kwa maji safi, iache ikauke, na uihifadhi mahali pakavu. Ikitoa unga wa kijani kibichi mpauko, itenge na nyingine.

Chuma kilichotoka baharini kina kanuni iliyo kinyume: kisikauke. Chumvi iliyojificha ndani yake hugeuka fuwele kinapokauka, na kitu kilichoonekana kizima huanza kumeguka magamba. Kitie katika chombo chenye maji matamu, kifunike, na ukifikishe hivyo hivyo kwa mhifadhi wa makumbusho.