Maswali Yenu: Ile muvi ya kukaa kimya

SWALI: Shikamoo mhariri, juzi tumecheki A Quiet Place kibanda umiza hapa Mwanjelwa, sasa yule binti ni kiziwi kweli au anaigiza tu? Na mwanangu wa miaka 7 naweza kumwonyesha?
Mama wa Mbeya

JIBU: Marahaba mama. Ni kiziwi kweli, anaitwa Millicent Simmonds, na hapo ndo utamu wa hiyo muvi ya 2018 ulipo, maana yale madude hayaoni kabisa yanawinda kwa sauti tu, sasa ile familia ilikuwa inajua lugha ya alama tayari kwa ajili ya binti yao, ndo maana wao wanapiga stori mezani wakati wengine wameshaliwa. Halafu baba na mama pale ni mke na mume hata nje ya muvi, John Krasinski na Emily Blunt, na jamaa ndiye kaiongoza. Pale mtoni baba anamwambia dogo piga kelele tu mlio wa maji utatufunika, nikawaza mvua ya Mbeya kwenye bati, si tungeongea mpaka Aprili!

Wa miaka 7 hapana, mwanzoni tu kuna mtoto mdogo anachukuliwa. Hatalala huyo, na wewe hutalala.