Njegere za friza: bandika maji kwanza

Usizisuuze na kuzigandisha mbichi! Umeandika kwamba kesho utamenya debe zima la njegere, uzisuuze, uzigawe kwenye mifuko na kuzitia kwenye friza zidumu mpaka Pasaka, kisha ukauliza mifuko ipi inafaa na kama maharage machanga hukatwa kwanza. Mifuko ni suala la baadaye. Hilo la kusuuza na kugandisha mimi nimelilipia.

Niligandisha hivyo hivyo kilo 12 zilizokwisha kumenywa, kazi ya siku mbili iliyoniachia kucha za kijani, kwa sababu mpishi mmoja wa kwenye video, mwenye aproni nyeupe isiyo na doa hata moja, alisema kwamba maji ya moto yanaua vitamini. Mwezi wa tatu nilipofungua mfuko wa kwanza, punje zilikuwa zimepauka kama kaki iliyofuliwa miaka mingi, zinanuka nyasi kavu za zizini, na hata baada ya kukaa jikoni saa nzima maganda yake yaligoma kulainika. Mume wangu alizila bila kusema neno, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Zilizobaki walizifaidi kuku, ambao huenda ndio walengwa halisi wa video ile.

Mpishi yule hakusema kwamba baridi haiviui vimeng'enya vilivyomo ndani ya punje, bali huvipunguza kasi tu, navyo huendelea kula rangi, ladha na vitamini hizo hizo alizojidai kuzilinda. Kinachovizima ni maji yanayochemka. Chemsha lita 4 kwa kila nusu kilo, mimina njegere, subiri maji yachemke tena, ndipo uhesabu dakika moja na nusu; sisi wa Njombe, na wote walio juu ya mita 1,500, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, tunaongeza dakika moja. Zitumbukize papo hapo kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, zichuje, zikaushe kwa kitambaa, kisha zitandaze kwenye sinia ndani ya friza ili kila punje igande peke yake kabla ya kuifungasha.

Maharage machanga hutaka dakika 3, kwa utaratibu huo huo. Njegere nilizozipitisha hivi miezi tisa iliyopita nimezitia kwenye pilau Jumapili, nazo zilikuwa bado za kijani, kwa hiyo kesho bandika sufuria kabla hujamenya ganda la kwanza.