Mwanangu, Kuhusu Sahani Ileile ya Jumatatu Hadi Ijumaa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unaniambia kwamba tangu uongezewe majukumu kazini umekuwa ukila vyakula vilevile kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa: asubuhi uji wa shayiri na ndizi moja, mchana wali, maharagwe na kabichi, ambavyo unavipika vyote Jumapili na kuvibeba kwenye bakuli lenye mfuniko, na jioni mayai mawili, mkate wa ngano isiyokobolewa na kikombe cha chai. Wenzako wanakushangaa, na mmoja wao amekuambia kwamba mwili hukizoea chakula kinachorudiwa hadi ukaacha kufaidika nacho. Unaniuliza, kwa kuwa nilikuwa muuguzi, kama unajidhuru.

Kurudia chakula hakukudhuru, mwanangu. Utumbo hauchoki kufyonza protini ya maharagwe eti kwa sababu jana pia uliyala, na hilo la mwili kuzoea hadi usifaidike usilibebe moyoni. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo ningependa ulielewe vizuri kuliko yote nitakayoandika humu. Mlo unaorudiwa huzidisha kila kilichomo ndani yake, na huzidisha vilevile kila kilichokosekana. Anayekula hiki leo na kile kesho huweza kukosea Jumatatu na kujirekebisha Jumanne bila hata kujua, lakini wewe uliyeamua mara moja kwa ajili ya siku tano, kosa lako dogo litakufuata siku zote tano, wiki baada ya wiki, na halitakuwa dogo tena.

Nayaandika haya kwa sababu yalinipata mwenyewe kabla hujazaliwa. Nilikuwa na zamu ndefu wodini, na kwa miezi mingi nilikula mkate, maharagwe na chai nzito ya rangi, mchana na usiku, kwa kuwa vilipatikana haraka na vilinishibisha. Sikulala na njaa hata siku moja. Baadaye nikaanza kuhema ninapopanda ngazi, viganja vikawa baridi, na damu ilipopimwa ikaonekana imepungua. Daktari aliyenihudumia hakuniuliza ninakula kiasi gani; aliniuliza ninakunywa nini pamoja na chakula. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na nafaka hufyonzwa kwa shida, na chai au kahawa inayonywewa pamoja na mlo huyazuia zaidi. Nilikuwa ninakula chuma kila siku na kila siku ninakifungia mlango. Kwa hiyo nilipofika kwenye barua yako mahali ulipoitaja chai ya jioni, nilisimama. Mayai na mkate uvile bila chai, nayo uinywe saa moja au zaidi baadaye.

Mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na kukosa vitamini C, katika meli ya Salisbury, akawagawa wawiliwawili. Wote waliendelea kupewa chakula kilekile cha kawaida, ila kila jozi iliongezewa kitu chake: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili wakapewa machungwa na malimau. Hao wawili ndio waliopata nafuu haraka kuliko wenzao wote. Kinachonigusa mimi katika habari hiyo ni kwamba hakukuwa na haja ya kuugeuza mlo wote wa mabaharia wale. Ulikuwa na pengo moja, na pengo hilo lilipozibwa, mwili uliinuka. Baadaye, katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona katika kisiwa cha Java kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walipatwa na udhaifu wa miguu uliofanana na beriberi, ugonjwa unaoletwa na kukosa vitamini B1, na waliporudishiwa mchele wenye ganda lake wakapona. Wala kuku wale hawakupunjwa chakula; walichokosa kilikuwa kwenye ganda.

Basi tuisome sahani yako kwa jicho hilo, tutafute pengo liko wapi.

Mengi ndani yake ni mazuri na sitaki uyaguse. Shayiri, maharagwe na mkate usiokobolewa vinakupa nyuzinyuzi, ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Wali na maharagwe vinafaana, kwa maana sehemu ya protini iliyo haba kwenye mchele ni nyingi kwenye maharagwe, na iliyo haba kwenye maharagwe ipo kwenye mchele. Mayai yanakupa vitamini B12, ambayo mimea haina. Anayeuona mlo huu kuwa wa kimaskini hajautazama vizuri.

Penye upungufu ni kwenye mboga na matunda. Shirika hilohilo linashauri angalau gramu 400 kwa siku, bila kuhesabu viazi na vyakula vingine vya mizizi vyenye wanga. Ndizi yako moja ni kama gramu 100, na kabichi unayoibeba, kwa jinsi ulivyoieleza, haifiki hata hapo. Hujafika hata nusu ya njia, na hicho kidogo chenyewe ni cha rangi moja. Kabichi ina vitamini C, lakini inayochemshwa Jumapili na kupashwa moto Alhamisi imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Tena haina ile rangi ya njano na kijani kizito inayoashiria vyakula ambavyo mwili huvitumia kutengeneza vitamini A, kama karoti, boga na majani ya kijani kibichi. Nimetafuta pia kalisi, madini yanayojenga mifupa, na sikuiona ya kutosha: mtu mzima huhitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku, na glasi ya maziwa ya mililita 250 humpa takriban 300. Uji wako ukiupika kwa maziwa badala ya maji, utakuwa umeanza kuliziba pengo hilo kabla hujatoka nyumbani.

Sasa usifikiri ninakutaka upike vyakula ishirini. Najua unafika nyumbani saa ngapi. Ninachokuomba ni kuliacha umbo la mlo wako kama lilivyo, kisha uruhusu kimoja kimoja ndani yake kibadilike. Mchana pabaki nafaka, jamii ya kunde na mboga. Lakini wiki hii maharagwe, wiki ijayo dengu au choroko. Wiki hii kabichi na karoti, wiki ijayo majani ya kijani na boga. Jioni mbili kati ya tano, mayai yapishe samaki. Kazi yako jikoni haitaongezeka, kwa kuwa kukata karoti hakuchukui muda mrefu kuliko kukata kabichi, na kichwa chako hakitakuwa na la kuamua siku za kazi. Juu ya maharagwe kamulia ndimu wakati wa kula, au weka nyanya mbichi pembeni, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma cha mimea kifyonzwe. Ingekuwa ni jambo moja tu utakalolifanya kati ya yote haya, ningechagua hilo la ndimu, nikuongezee na chungwa moja saa kumi alasiri.

Kubadilisha kwa wiki kunatosha, wala huna haja ya kubadilisha kila siku, kwa sababu mwili wenyewe una ghala. Ini huhifadhi vitamini A ya kutosha kwa muda mrefu, na B12 huweza kukaa humo kwa miaka. Vitamini C ndiyo isiyo na ghala la maana, na ndiyo maana tunda bichi linapaswa kuwepo kila siku. Kuna sababu nyingine pia. Utafiti wa mradi wa American Gut, uliochapishwa mwaka 2018, uliona kwamba watu waliokula aina zaidi ya 30 za mimea kwa wiki walikuwa na bakteria wa utumbo wa aina nyingi zaidi kuliko waliokula aina 10 au pungufu. Ulionyesha uhusiano tu, haukuthibitisha kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile, kwa hiyo usiifanye 30 kuwa sheria. Ila nimehesabu mimea iliyomo kwenye barua yako na nimepata saba, nikikihesabu na kitunguu.

Jihadhari pia na kukifanya chakula kimoja kizuri kuwa cha kila siku bila kufikiri. Ulinidokezea kwamba unafikiria kuweka jodari wa mkebe mahali pa mayai siku zote tano. Samaki wakubwa wanaokula samaki wengine hukusanya zebaki mwilini, kwa hiyo jodari mara moja moja ni chakula, lakini jodari wa kila siku sikushauri. Samaki wadogo ni bora. Spinachi nayo ina afya, lakini ina oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe ya figo, na mtu mwenye historia ya mawe ya figo haifai aishindilie kila siku. Hatari za namna hii huwa ndogo mno kwa anayechanganya, na ndiyo faida nyingine ya kuchanganya.

Wenzako hawajui jambo moja linalokufaa katika desturi yako. Mtu anapokula chakula kimoja, hamu ya chakula hicho hupungua kadiri anavyoendelea, ilhali hamu ya chakula kingine chenye ladha tofauti hubaki hai. Mtafiti wa lishe Barbara Rolls na wenzake waliandika juu ya hali hiyo mwaka 1981. Ndiyo sababu kwenye karamu mtu aliyeshiba wali bado hupata nafasi ya keki. Meza yenye vingi humfanya mtu ale zaidi, na meza ya kawaida humfanya asimame anapotosheka. Wewe unayekaa kwenye kiti mchana kutwa, jambo hilo linakusaidia bila wewe kujinyima.

Nimelichelewesha linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote, na nataka ulisome polepole. Umesema unapika Jumapili na kula chakula hichohicho hadi Ijumaa. Hapo, mwanangu, sikubaliani nawe kabisa. Chakula kilichopikwa, kikiwekwa kwenye jokofu lenye baridi isiyozidi nyuzi 5 za Selsiasi, hufaa kwa siku tatu hadi nne. Maharagwe ya Jumapili, basi, mwisho wake ni Alhamisi, na mimi ningeishia Jumatano. Wali una habari yake peke yake. Katika mchele mna vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo vijimbegu vyake havifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa ukipoa taratibu kwenye sufuria, vijimbegu hivyo huamka, huongezeka, na huweza kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Hivyo wali uutandaze kwenye sinia upoe haraka, uuweke kwenye jokofu ndani ya saa moja, na uule kesho yake. Wa siku zinazofuata uugandishe kwenye friza siku hiyohiyo uliyoupika, kila mlo kwenye chombo chake, na ufanye vivyo hivyo kwa maharagwe ya Alhamisi na Ijumaa. Usiku wa kuamkia siku ya kula, hamishia chombo kimoja kutoka kwenye friza hadi kwenye jokofu. Kazini, pasha hadi mvuke utoke katikati pia, maana maikrowevu huacha sehemu za baridi. Koroga, kisha pasha tena. Kikibaki, kitupe, usikirudishe nyumbani. Na bakuli lisikae ndani ya mkoba asubuhi nzima. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Kama ofisini hakuna jokofu, beba pamoja na pakiti ya barafu.

Kama huna friza, pika mara mbili: Jumapili na Jumatano jioni, na wali uupike jioni ya kila siku kwa ajili ya kesho yake. Nusu saa hiyo ya Jumatano ninaijua ilivyo nzito, lakini wodini nimewahudumia watu waliotapika usiku kucha kwa ajili ya sufuria iliyoachwa mezani, na sitaki uwe mmoja wao.

Jambo la mwisho ninakuuliza mimi. Unakula hivi kwa sababu kunakurahisishia siku, au kwa sababu chakula kingine kimeanza kukuogopesha? Ikitokea rafiki anakualika mezani kwake na wewe unatafuta udhuru kwa kuwa hakutakuwa na sahani yako, niambie, nami sitakulaumu. Jumamosi na Jumapili kula chochote unachopikiwa, ukiwa na watu.

Niandikie baridi ya jokofu lako ikoje. Kipimajoto kidogo cha jikoni kitakuonyesha. Ukienda kununua dengu, chukua za rangi ya machungwa, zinaiva kwa dakika 20 na hazihitaji kulowekwa. Na Jumatano ukiwa umesimama jikoni, nipigie simu na uiweke kando ya jiko, tuzungumze huku unakata karoti.

Nakupenda.

Mama yako