Kigoma hadi Dar kwa treni mara ya kwanza: akifika Dodoma asihamie SGR

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayekwenda kuanza chuo Dar akae kwenye treni ya zamani kutoka Kigoma hadi mwisho, au ashukie Dodoma amalizie na SGR, ile treni mpya ya umeme. Wengi wamekwambia ahamie SGR. Mimi ni mtoto wa Ujiji, Dar niliingia mara ya kwanza na treni hiyohiyo nikienda chuo, na mpaka leo nikiwa na mzigo ndiyo ninayopanda. Kwa safari ya kwanza, mwache abaki humohumo.

SGR siipondi. Tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024, pale hadi Dar ni mwendo wa saa tatu na kitu au nne. Shida ni kuziunganisha. Ile inaondoka kwa saa iliyo kwenye tiketi, hii yetu inafika Dodoma ikijisikia. Ukimkatia ya asubuhi halafu treni ya Kigoma ikalala Itigi, tiketi imekwenda na maji, na binti yuko Dodoma asikomjua mtu, ana dumu la mawese mkononi na kiroba cha dagaa miguuni.

Na kuchelewa kupo. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914 enzi za Mjerumani, kilomita 1,250 hivi hadi Dar, na sehemu kubwa ni njia moja: treni mbili zikikabiliana, mojawapo inasubiri stesheni mpaka nyingine ipite. Masika ndiyo usiseme. Kati ya Gulwe na Kilosa reli inafuata mto Mkondoa, na mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yaliisomba hadi safari zikasimama kwa miezi. Hesabu siku mbili njiani, kisha ongeza moja ya akiba kabla ya tarehe ya usajili.

Daraja la tatu ni kukaa kwenye kiti mwanzo hadi mwisho. Usimpeleke huko kama uwezo upo. Mkatie daraja la pili la kulala: chumba kina vitanda sita, wanawake chumba chao na wanaume chao. Aombe kitanda cha juu. Cha kati kinakunjwa mchana, cha chini kinageuka kiti cha kila mtu, lakini aliye juu analala saa yoyote na begi lake liko kichwani. Akiingia awaamkie wakubwa waliomo, aseme anatoka wapi na anakwenda wapi. Mimi niliwekwa na mzee mmoja wa Kasulu ambaye kabla hatujafika Uvinza alishajua naenda kwa nani, na kila stesheni ya usiku alikuwa ananiamsha nifunge dirisha. Hilo la dirisha ni la kweli. Treni ikisimama usiku kuna mikono inayoingia kutoka nje, kwa hiyo lifungwe, na kama komeo ni bovu likazwe na kipande cha ubao. Simu isichajiwe karibu na dirisha.

Tabora ndipo ninapotaka umsisitize. Pale mabehewa ya Kigoma huunganishwa na ya Mwanza, na zoezi linaweza kuchukua muda mrefu. Watu wanashuka kunyoosha miguu, kunywa chai, kununua asali. Sasa wewe umeshuka behewa lako likiwa karibu na mkia, unarudi unakuta limekuwa katikati, au kichwa kimelivuta hadi njia ya tatu na pale ulipoliacha ni reli tupu. Nimeona mtu mzima akikimbia huku na huko na kikombe cha chai mkononi. Namba ya behewa aiandike, na kabla hajashuka amuulize mhudumu wa behewa kama litasogezwa. Ile mitikisiko ya ghafla wakati wa kuunganisha isimtishe, ila chai ya moto asiishike muda huo.

Chakula kipo njia nzima. Kuna behewa la chakula, lakini utamu uko madirishani: samaki wa kukaushwa upande wa Nguruka, kuku Saranda, zabibu Dodoma kwa msimu wake. Honi ikilia bei inashuka, ndiyo saa ya kununua. Awe na chenji, kwani ukitoa noti ya elfu kumi na treni imeanza kusogea, chenji yako inabaki inakimbia pembeni ya reli. Akiwa macho kati ya Manyoni na Saranda, achungulie nje: treni inateremka Bonde la Ufa polepole, inajikunja mpaka unaona mabehewa ya mbele. Kwangu hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Juni na Julai usiku wa kuanzia Tabora hadi mkoa wa Singida ni wa baridi kweli. Blanketi, si kitenge tu. Mawese yafungwe kwa nailoni chini ya kifuniko, na gunia kubwa liende behewa la mizigo kwa risiti, maana chumba ni cha watu sita.

Kuhusu kupokelewa: mwenyeji asiambiwe "tunafika Jumamosi" tangu Kigoma. Apigiwe treni ikiwa Morogoro, hapo zimebaki kama kilomita mia mbili. Kama anakaa Ukonga au Gongo la Mboto, binti ashuke Pugu, asiingie mjini kisha arudishwe alikotoka kwa daladala na mzigo. Kama ni Kimara, aende mwisho, mwendokasi iko Gerezani. Wapagazi watamzonga, apatane bei kabla mzigo haujanyanyuliwa. Na namba ya mwenyeji iwe kwenye karatasi pia, kwa sababu simu yake itakuwa imeshazima kabla ya Kilosa.