Mwalimu kakosea wapi sasa?

Mhariri salama? Wiki hii mmeuliza "Ni kipindi gani cha vichekesho vya watu wawili unachoona watazamaji wamekihukumu vibaya?" na mi nimeanza kuandika hata chai sijamaliza, maana hili jambo nimelibishania sana nyumbani kwetu mpaka sasa hivi nikifungua mdomo wanabadilisha mada. Jibu langu ni Key & Peele. Kwa asiyekijua, ni kile cha Wamarekani wawili, Keegan-Michael Key yule mrefu mwenye kipara na Jordan Peele yule mfupi wa macho makubwa, kilianza Januari 2012 kwenye chaneli ya Comedy Central kikaisha Septemba 2015, misimu 5, vipindi 53. Kabla ya hapo walishafanya kazi pamoja MADtv, kipindi kingine cha vichekesho, kwahiyo wakati wanapewa cha kwao walikuwa washajuana vizuri.

Najua kuna mtu atasema kimehukumiwa vibaya wapi wakati kilipata tuzo kubwa za televisheni za Marekani, Peabody, na Emmy kikapewa 2016 kikiwa kishaisha. Sisemi majaji jamani. Nasema sisi tunaokaa na rimoti. Kaa na watu watatu waliokiona, wawili watakwambia maneno yaleyale, "kinachekesha ila sio zote, kuna skechi kali na kuna mbovu" (skechi ndo vile vigizo vifupi vinavyounda kipindi), na wa tatu atakwambia yeye kaona vipande tu YouTube vikamuua, ila siku alipoangalia kipindi kizima akachoka njiani. Hayo maneno ndo ugomvi wangu. Sio kwamba ni uongo, hata mi zipo ninazoruka. Tatizo kila mtu anaongea kana kwamba hizo mbovu zinajulikana, ukimwambia haya zitaje, anakutajia zilezile ambazo mwenzie pembeni alikuwa anajifuta machozi kwa kucheka.

Chukulia ile maarufu kuliko zote, ya Mr. Garvey. Key ni mwalimu aliyefundisha miaka 20 kwenye shule za mitaa migumu, leo kapelekwa kumshikia mwalimu mwenzie darasa lililojaa watoto wa kizungu. Anafungua rejista anaita majina. Jacqueline kwake ni "Jei-kwelini", Blake ni "Balakei", Denise ni "Dinaisi", na Aaron wa watu anaitwa "Ei-Ei-roni". Mtoto akimsahihisha mwalimu anaona huyu ananitania, anawaka, anatoa macho, mishipa ya shingo imemsimama, mtoto anatishwa mpaka anaitikia jina ambalo sio lake. Kwa Mmarekani utamu uko wazi, majina ya watoto weusi ndo kila siku yanavunjwavunjwa na walimu, leo kibao kimegeuka.

Sasa nikamwonyesha mama. Kaangalia kimya mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa dhati kabisa, "mwalimu kakosea wapi sasa?"

Nikakosa jibu, maana ukifikiria kwa Kiswahili mama ana hoja. Aaron ina A mbili, na A mbili zikiandikwa zote zinasomwa, hazijawekwa pale kama urembo. Denise nayo ina E mwishoni, ya nini kama haisomwi? Kwa mama wenye makosa ni wale watoto wanaomeza herufi za majina yao wenyewe, mwalimu anajitahidi tu. Pale kwa Blake peke yake ndo akakubali kwamba hapa mwalimu kachomeka herufi isiyokuwepo. Na kilichomchekesha mama mi sikukitegemea, ni pale mwisho kabisa, anaitwa Timothy, anaitika kijana mweusi (Peele huyo) kwa kuvuta neno vilevile kama mwalimu anavyotaka, bila ubishi. Mama akasema "umeona, huyu kalelewa." Akacheka kwa sababu yake mwenyewe, ambayo walioandika skechi nadhani hawakuiwaza hata kidogo. Kwahiyo niambieni, skechi hii kwa mama ni kali au mbovu?

Geuza upande wa pili, ile ya majina ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani, East/West. Hii haina hadithi kabisa. Mchezaji anatokea kwenye kamera anataja jina lake na chuo alichotoka, basi, anakuja mwingine. Hingle McCringleberry. Ozamataz Buckshank. Inaenda hivyohivyo na wote ni wao wawili wamebadilishwa nywele, meno na sauti, mpaka wa mwisho anatokea mzungu mmoja anaitwa Dan Smith, jina la kawaida kuliko yote duniani. Mara ya kwanza nilikaa nasubiri ianze, ikaisha. Nikaiweka kwenye mbovu. Shemeji yangu ambaye anafuatilia ule mpira alikuwa chini kwenye zulia. Akaja kunielewesha kwamba majina ya kweli ya wachezaji kule hayako mbali na hayo, na kwamba walirudia mchezo huo mara tatu, mara ya tatu mwaka 2015 wakaingiza na wachezaji wa kweli na majina yao halisi, kina Ha Ha Clinton-Dix na D'Brickashaw Ferguson, ukiwaangalia hujui nani wa kutunga na nani mama yake alimpa jina hilo kwa upendo. Nilipoirudia nikaacha kusikiliza majina nikaangalia nyuso. Kila mmoja ana sekunde tatu nne tu, lakini ni mtu kamili, huyu anaringa, huyu ana wasiwasi, huyu kama hajalala. Sasa hivi iko kwenye tano bora zangu na aibu naona.

Kitu kingine watazamaji wanachokosea, na hapa nitakuwa mkali kidogo, ni kusema Key ndo anabeba kipindi kwa kuwa ndo mwenye kelele. Hapana. Angalia Luther. Peele anakuwa Obama, kakaa kwenye kiti anaongea polepole kwa sauti ya rais, nyuma yake Key ndo Luther, kazi yake kutafsiri hasira ambazo rais haruhusiwi kuonyesha, anazunguka anapiga kelele anatukana. Watu wanamtazama Luther. We zima sauti uangalie Obama tu, yule Peele hatikisiki, na ile kutotikisika kwake ndo inampa Luther pa kuruka. Mtoe, unabaki na mtu anayefoka peke yake barabarani. Na aliyeielewa vizuri nadhani ni Obama mwenyewe, maana Aprili 2015 kwenye ile dhifa ya waandishi wa habari wa Ikulu ya Marekani alimwita Key asimame pembeni yake kama Luther, wakaanza kawaida, rais mpole Luther moto, walipofika kwenye mabadiliko ya tabianchi rais akaanza kupandisha yeye, akapandisha kweli, mpaka Luther ndo anamtuliza mzee taratibu. Yani wamebadilishana viti mbele ya watu na hapo ndo ukumbi ukavunjika.

Huko kubadilishana ndo kipindi chenyewe ukiniuliza mi. Wote wawili wamelelewa na mama wa kizungu, wote ni weusi mtaani, na kipindi cha kwanza kabisa kinafunguliwa na hilo. Key yuko barabarani anaongea na mkewe kwa simu, kistaarabu, mambo ya tiketi za maigizo, anatokea Peele naye na simu, Key akimwona anabadilisha sauti ghafla anakuwa mtu wa mtaa, mgumu. Peele naye mgumu. Wanasalimiana kwa kichwa. Peele akishapita tu, sauti yake inakuwa laini kuliko ya Key, anamwambia aliye kwenye simu kwamba nusura aporwe. Haifiki hata dakika moja. Nani hajawahi kubadilisha sauti akipita kijiweni?

Malalamiko mengine ni ya haki na siyapingi. Misimu mitatu ya mwanzo walikuwa wanasimama jukwaani mbele ya watu wanapiga stori kabla ya skechi, na mara nyingi wanaielezea skechi kabla haijaja, na kichekesho ukishakieleza kimekufa. Msimu wa nne wakaondoa jukwaa, wakawa kwenye gari wanaendesha katikati ya jangwa wanabishana vitu visivyo na kichwa wala miguu. Kuna waliokasirika, walikuwa wanapenda kusikia watu wakicheka. Mi gari nalipenda. Zile skechi za wale waegesha magari wa hotelini wanaosema "Liam Neesons" kila dakika, jina la mwigizaji Liam Neeson walivyoliharibu, zinanichosha kabisa, ingawa mdogo wangu hadi leo anaingia ndani kwa salamu hiyo. Wanawake nao hawakupewa cha maana, ama ni mwanaume kavaa wigi ama ni mke kasimama pembeni anashangaa. Na zipo ambazo kichekesho kimoja kinavutwa kama mpira wa manati mpaka unaomba kikatike.

Ila la kusema ukiangalia kipindi kizima unachoka, hapo nadhani shida ni vile vipande vimetuzoesha vibaya. Karibu vipindi vyote viliongozwa na mtu mmoja, Peter Atencio, na kila skechi kaipiga kama filamu yake yenyewe, ya kutisha inatisha kweli. Ile ya mashindano ya erobiki ya mwaka 1987 picha yake ni kama mkanda wa zamani wa video uliochakaa, watu wamevaa vibana vya rangi, wanacheza wanatabasamu, halafu mchezaji mmoja anaanza kuonyeshwa vibao kutoka nyuma ya kamera vyenye habari mbaya za mkewe na mwanae, na hawezi kuacha kucheza. Watu wanasema hii haichekeshi. Ni kweli haichekeshi! Ni hofu imewekewa muziki wa kuruka. Peele alipotoa filamu yake ya kutisha, Get Out, mwaka 2017 na kupata Oscar ya uandishi, watu wakashangaa mchekeshaji kajulia wapi kutisha, wakati alikuwa anatutisha kila wiki na sisi tunasema hiyo ni mbovu leta nyingine. Kwenye simu unachukua kicheko unaondoka. Ukikaa kwenye kipindi, ile hofu inakuja katikati ya mawili ya kipuuzi na inakukuta umeshalegea.

Na kuna moja sitaitetea kwa kelele. Mnada wa watumwa. Wako wawili jukwaani, wanaapa kwamba wakinunuliwa watagoma, halafu wanunuzi wanachukua wengine wote wao wanaachwa, na polepole wanaanza kuumia kwamba mbona hawatakiwi, wanaanza kujinadi wenyewe. Mi nilicheka, kwa sababu niliona wanacheka ile tabia ya mtu kutaka kuchaguliwa hata na kitu anachokichukia. Dada yangu aliinuka akatoka nje. Hakugomba, hakusema kitu, katoka tu na kikombe chake. Nikabaki na kicheko changu mdomoni sijui nikipeleke wapi. Hapo sina cha kumbishia mtu, kwake hiyo sio skechi iliyokosea shabaha, ni mahali ambapo hapaingiliwi na viatu.

Usiku ule nikamwandikia meseji kwamba samahani, ila ungebaki kidogo ungeona inakoelekea. Akajibu "Sawa." Na nukta. Kama mmeiona ile skechi ya meseji mnajua naongelea nini, Peele kajilaza anaandika kwa upole kabisa kwamba samahani sikuona meseji zako, Key anaisoma kama katukanwa, kila neno la amani likifika upande wa pili ni vita. Basi mi siku mbili nzima nilikuwa Key. Hiyo nukta ni ya nini? Dada yangu toka lini anaweka nukta? Nikaandika jibu refu nikafuta, nikaandika lingine nikafuta, nikampa shemeji asome akasema "sawa ni sawa", nikamwona na yeye hana msaada.

Tulipokutana kumbe alikuwa anambembeleza mtoto, kaandika kwa dole gumba moja na hiyo nukta hata hajui ilitoka wapi. Akaniuliza tena kama kuna skechi nyingine za wale wawili zisizokuwa na minada. Nimemwekea ya Mr. Garvey kwanza, nione yuko upande wa mama au wa watoto. Ya meseji bado sijamwonyesha.